Siku Cucu Alipomsikiliza Baba Nyuma ya Ngozi

Enzi zetu wimbo ulikuwa na uzito wake. Ulikuwa kitu cha kubebwa kwa kichwa, ukianguka unavunjika, na aliyeuvunja anachapwa. Wajukuu wangu wananiambia simu moja inabeba nyimbo elfu. Nawauliza, na mmesikiliza ngapi mpaka mwisho? Wanarudi kwenye simu. Mimi shule niliiacha darasa la pili, lakini hiyo hesabu naona imewashinda wao wenye vyeti.

Nyinyi wa rika langu mliokulia huku Embu hamhitaji kuelezwa habari ya emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni. Mnakumbuka tulivyotolewa mashambani kwetu tukarundikwa kijiji kimoja, nyumba imegusana na nyumba, ukikohoa wewe, jirani ndiye anayesema pole. Handaki limezunguka pande zote, ndani yake vijiti vilivyochongwa, lango ni moja, na langoni wamekaa ngati, wale walinzi wa serikali, watoto wa kwetu wenyewe waliopewa kofia na mkuki. Mama zetu walichimba barabara kutoka asubuhi hadi jua linapopoa. Sisi tulibaki tukicheza mawe matano kwenye vumbi, tumbo lina uji wa mawele uliochacha, na kama kuna bahati, mahindi na kunde zilizochemshwa bila chumvi. Chumvi ilikuwa kama dhahabu. Siku moja niliiba chumvi ya jirani nikailamba yote, nikanywa maji ya mtungi mzima, nikalala nimefura kama chura. Lakini hiyo si habari ya leo. Leo nasema habari ya santuri za baba.

Baba yangu aliitwa Njeru na alikuwa mwimbaji, si wa kanisani. Kabla ya taabu zile aliimba Nairobi pamoja na rafiki yake Ireri. Baba anapiga gitaa, Ireri anagonga chupa ya soda kwa msumari, na nyimbo zao zilikuwa za kofia, viatu na wasichana wenye vidani. Watu walizicheza mpaka vumbi linapanda. Halafu Ireri akaokoka, akaacha chupa akashika Biblia, akarudi nyumbani. Baba akabaki peke yake kule mjini. Kazi alikuwa nayo, kwa Mhindi mmoja mwenye duka, lakini pasi, kile kibali cha serikali cha kusafiri, ya kurudi nyumbani alinyimwa. Kuandika hakujua, na wakati ule kumwandikisha mtu barua kulikuwa ni kumkabidhi siri zako. Basi tulikaa miaka miwili bila neno. Wengine walisema amefungwa. Wengine, wale wa midomo mirefu, walisema amepata bibi mwingine.

Maneno hayo yalishuka mpaka upande wa Kiritiri, kwa cucu, mama yake mama. Cucu alikuwa mwembamba, mweusi kama chungu cha zamani, na akisema jambo halisemwi tena. Alitafuta pasi ya siku tatu, akapanda kwa miguu kuja kijijini kwetu. Akaingia Jumamosi na kibuyu cha asali. Hata hajakaa, akamwambia mama, "Wanja, funga vitu vyako. Jumatatu tunateremka. Mbuzi za mahari za huyo mtu nitazirudisha kwao. Mke si jembe la kusahauliwa mvunguni."

Mama aliendelea kuchambua kunde, zile nzuri akitupa na mbovu akiweka chunguni, mpaka nikamshika mkono. Nilielewa vizuri. Mbuzi zikirudi, mimi si mtoto wa Njeru tena, na mama atapewa mtu mwingine huko chini kwenye joto.

Jumapili mama zetu hawakuchimba. Siku hiyo Mzee Athumani, Mwislamu mchinjaji wa mjini Embu, aliruhusiwa kuchinja karibu na lango. Alikuja na gramafoni ya kuita wateja, akaiweka juu ya meza ileile ya nyama, anaizungusha mkono wake huku nzi wakitua kwenye pembe yake kubwa. Hadi leo nikisikia harufu ya nyama mbichi, masikio yangu yanangoja mkwaruzo wa sindano. Siku hiyo alitoa kwenye gunia santuri tatu mpya akasema, "Haya, watu wa Embu. Huyu ni mtoto wenu. Njeru, peke yake. Pande sita."

Mama aliketi chini hapohapo kwenye matope.

Sasa lazima niwaeleze vijana jambo moja, maanake hawa siku hizi wanakula sahani moja na mama mkwe wakicheka meno nje. Kwetu mtu na mama mkwe wake walikuwa na staha kali. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia kichakani, anageuza mgongo mpaka mama apite. Hamwangalii, hali chakula mbele yake, wala hazungumzi mbele yake bila sababu kubwa. Basi sindano ilipogusa santuri na sauti ya baba ikatoka, kavu, karibu, kama amesimama katikati yetu, cucu alifanya kama mwanamke yeyote wa heshima. Alijifunika shuka kichwani akakimbia.

Mzee Athumani akacheka mpaka kisu kikamwanguka. "Mama, rudi. Hili ni sanduku tu."

"Sanduku lina koo la mkwe wangu," cucu alisema, amesimama nyuma ya mti.

Hakuna mwingine aliyecheka. Kina mama wazee walianza mjadala hapo hapo, kama wakili na wakili. Mmoja akasema sauti si mtu. Mwingine akamuuliza, "Na ukisikia sauti ya mume wako nje, unamfungulia nani?" Mwishowe wakapata dawa. Ngozi ya yule ng'ombe aliyechinjwa asubuhi ilikuwa imetandazwa uani, bado mbichi. Wakaiinua juu ya miti miwili kama ukuta. Cucu akaketi upande wa pili, mgongo umegeuka, shuka kichwani. Sasa mkwe yuko huku, mama mkwe yuko kule, staha imetimia. Athumani akazungusha tena.

Zilikuwa nyimbo za polepole. Gitaa moja tu. Kwa Kiembu chetu baba aliimba moshi wa jikoni, mvua iliyomkuta ugenini, na mtoto aliyemwacha akiwa ameng'oka meno ya mbele. Huyo mtoto ni mimi. Mdundo wa kuchezea haukuwepo.

Na watu wa kwetu hawakuficha maoni. Ukiimba vibaya unaambiwa, hata kama uko Nairobi. Vijana walianza, "Chupa iko wapi? Bila Ireri huyu amekuwa wa matanga." Ngati mmoja, ambaye alikuja kusikiliza kama kuna maneno ya Mau Mau wa msituni, alichoka akasema, "Hakuna siasa hapa. Kuna huzuni tu. Ongeza mafuta kwa nyama yangu." Ireri mwenyewe alikuwa amesimama pembeni na Biblia yake. Tulifikiri atalaani. Akasema pole pole, "Tulipokuwa wawili tulipiga kelele. Sasa ndiyo anaimba," akaondoka haraka, nadhani alikuwa na jambo machoni. Jirani yetu mmoja, mjane, akasema mwanamume anayeimba moshi wa jikoni hajashiba kwingine. Mama alikuwa anaiangalia ile ngozi tu.

Mimi pia niliiangalia. Nilijua hayo maoni yote ni makapi. Maoni ya kweli yalikuwa yameketi nyuma ya ngozi, yamejifunika shuka.

Kwenye upande wa tano baba aliimba hivi: kwamba hapa mjini amekosa hata kichaka. Watu wanapita, anasema, mama za watu wanapita, na hana kichaka cha kumpisha yeyote. Anakumbuka kile cha pale mtoni, alichokuwa anasimama, miiba ikimchoma, mpaka mama yake Wanja avuke na mzigo wake.

Mabibi wazee wakaguna. Amemtaja mama mkwe kwenye wimbo. Mbele ya nyama, mbele ya ngati. Mmoja akasema hiyo ni faini ya dume la mbuzi. Mama akainamisha kichwa, na mimi nikajua tumekwisha.

Kutoka nyuma ya ngozi cucu akasema, "Rudisheni huo."

Athumani akarudisha sindano. Ule wimbo ukapita tena, na mkwaruzo wake, mpaka mwisho. Cucu akainuka, akazunguka kwa mbali, asiipite gramafoni kwa mbele, akaja kwa mama.

"Nilikuwa namwona pale mtoni," akasema. "Miguu yake ilionekana chini ya majani. Siku moja mvua ilininyeshea na mzigo wangu ukaanguka, nikachelewa sana. Hakutoka. Alinyeshewa pamoja na mimi." Akapangusa matope kwenye nguo ya mama kwa mkono. "Alipokuwa anaimba kofia, nilijua nimemwoza mtoto wangu kwa kijana. Huyu aliyeimba leo ni mtu mzima. Fungua vitu vyako."

Jumatatu aliteremka Kiritiri peke yake. Asali alituachia.

Baba alirudi pasi zilipolegezwa, amekonda, na mvi mbili tatu. Kabla hajanywa maji aliuliza, "Walisemaje?" Nikamwambia yote, ya chupa, ya matanga, ya mafuta ya ngati. Alicheka kwa ya ngati. Kisha akauliza, akiangalia pembeni, "Na yule mama?" Mama akamjibu, "Muulize mwenyewe." Wakacheka wote wawili, kwa sababu haiwezekani. Cucu aliishi miaka mingi baada ya hapo, na wakikutana, baba aliingia majanini na cucu akapita, na neno la wimbo ule halikutamkwa kati yao hata siku moja.

Siku hizi mwimbaji akitoa nyimbo asubuhi, saa sita watu wasiomjua wameshamwambia kila kitu, mazuri na matusi, kwa kidole gumba. Mjukuu wangu ameziba masikio kwa vile vipuli vyake vya simu, anatikisa kichwa peke yake. Aliye karibu naye hajui analia au anacheza. Siwalaumu, dunia ni yao. Lakini nasema bila kuogopa kwamba hakuna mwimbaji wao aliyepata maoni kama yale baba aliyopata kutoka nyuma ya ngozi. Alifungua mlango baada ya miaka yote ile, akamkuta mke wake anapika.