Jina Lililomlenga Jirani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba jina langu linanihusu mimi. Kwetu Burundi mtoto harithi jina la baba. Hupewa lake, na mara nyingi huwa ni sentensi nzima ambayo mzazi anataka jirani aisikie kila mtoto anapoitwa kula. Langu, kwa Kirundi, maana yake ni "Wananichukia bure". Sijakutana na mwingine anayeitwa hivyo, wala sishangai.

Baba alimlenga mzee wa upande wa pili wa ua wetu, pale mtaani Carama, kwa ajili ya migomba iliyoota mpakani. Mzee hakubishana. Alitafuta mbwa, akamwita "Sababu wanayo". Jioni mama akiniita mimi, mzee naye anaita mbwa wake. Nilipofika sekondari, yule alikuwa mbwa wa tatu. Watoto hatukurithi majina; mbwa walirithi.

Niliona haya. Nilikuwa nimejifundisha Kiswahili sanifu peke yangu, kwa redio na vitabu vya kuazima, nikirudia kila sentensi hadi ing'ae, na jina lile lilikuwa doa. Kwenye kadi ya shule nikaliandika kwa herufi moja na nukta. Nikajipongeza.

Kisha vita. Siku hizo hata maji ulikwenda kuteka na kadi mfukoni. Asubuhi moja vijana wenye marungu, waliokuwa wakisaka wageni waliojificha mtaani, walinikuta mbele ya nyumba ya mzee na ndoo yangu. Mkubwa wao akasoma kadi.

"Hii nukta inaficha nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kulisema. Nakiri: rungu liko juu, mimi nachagua maneno.

"Anasita. Ni mugeni huyu!"

Mzee akatoka kwake, mswaki mdomoni. "Apana. Ni mutoto wa hapa." Akataja jina langu lote, kwa sauti ya kusikika hadi kwetu.

Wakacheka. "Na nani anamuchukia hivyo?"

"Mi! Baba yake alinitupia mi hilo jina, juu ya migomba ile pale. Na mi nikamujibu na mbwa." Akaita. Mbwa akaja mbio, akanusa viatu vya yule mkubwa.

Kijana akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akanirudishia kadi. "Mugeni hawezi kuwa na ugomvi ya zamani hivi," akawaambia wenzake, wakaenda zao.

Nikairudisha kadi mfukoni. "Nakushukuru sana, mzee."

"Apana nishukuru mi. Ambia baba yako ile migomba ni yangu."

Baba nilimwambia. Akasema mzee bado anatuchukia bure.

Siku hizi naandika jina langu lote.