Dengu za Papa

Enzi zetu pale Kadutu, mtaa wetu wa kilimani, wenzangu mlioteleza nami kwenye matope kwa makalio, nani alijua ugonjwa wa tumbo? Tulikula samaki wadogo wa ndagala, sombe ya majani ya muhogo na maharagi ya jana, tukashuka mbio mpaka ziwani, tukapanda kilima chote na njaa mpya! Watoto wa leo wakiona ngazi tatu wanaita pikipiki.

Mgonjwa wa tumbo nyumbani kwetu alikuwa Papa. Alikuwa karani katika ofisi ya Wazungu, na tangu apewe meza yake mwenyewe aliapa kula kama wao: mkate mweupe, mayai, sardini za kopo, kwa uma na kisu. Maharagi? "Ile iko chakula ya bapagazi," alisema. Basi choo kikafunga. Siku nne, siku tano! Alirudi kutoka kazini amejikunja, jasho likimtoka. Muuguzi wa mtaa akamwambia arudie maharagi na anywe maji mengi. Papa akavaa kofia yake akaondoka.

Maman hakubishana. Alienda duka la Mhindi, akarudi na dengu, akazipika kwa kitunguu na nyanya mpaka zikalainika. Akaziweka kwenye sahani nyeupe. "Papa, hii banaita lantiye. Madamu ya patron wako njo anakulaka."

Papa alikula! Kesho yake akaongeza, na birika la maji kando. Siku ya tatu aliinuka ghafla, akakimbilia choo cha uani. Watoto sita tulijipanga nje, kimya kama tuko misani. Alipotoka akipiga mluzi, tulishangilia kama timu yetu imefunga bao! Hata majirani walipiga makofi.

Kinywa changu ndicho kilichoharibu. Jumapili Papa alialika makarani wenzake wawili waonje chakula cha kizungu. Nikataka kuwachekesha wageni.

"Papa, Maman alisema kule jikoni: hii lantiye iko mutoto ya maharagi tu!"

"Karani!" mmoja alipiga kelele, machozi yakimtoka kwa kicheko. "Kumbe unakulaka maharagi na kisu!"

Papa aliweka uma chini polepole. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Dengu alizikataa mpaka tumbo likafunga tena. Maman alipomsihi, alikubali kuzila, lakini chumbani, mlango umefungwa. Sisi tulibaki mezani tukisikia kijiko chake kikigonga sahani. Sikumwomba msamaha siku ile, wala nilipopata diploma, wala alipokuwa kitandani mara ya mwisho. Nilijidanganya kwamba amesahau.

Leo tumbo lake nimelirithi mimi. Nakula dengu kila jioni, na wajukuu, chipsi mkono huu na simu mkono ule, wananicheka: "Koko, uko unakula dawa?" Zamani tulikuwa sita kwenye meza moja, tukimngoja Papa atoke chumbani. Sasa meza ni yangu peke yangu, kila mtoto na kona yake. Wacheke tu. Mimi nala mlango ukiwa wazi.