Baba aliwaambia wazee wa kanisa kuwa bibi alishafariki

Admin, naomba ufiche jina langu, maana wanaonijua wanafuata ukurasa huu. Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha nne hapa Tabora. Mimi si muongeaji, napenda vitabu tu.

Sisi ni Wapresbiteri. Kwetu mchungaji haamui mambo peke yake, anaamua na baraza la wazee ambao waumini tunawachagua wenyewe. Kabla ya kura, jina la mtu linatangazwa kanisani, na mshiriki yeyote mwenye pingamizi analipeleka barazani. Mwaka huu nilikiri imani yangu mbele ya wazee hao, kwa hiyo na mimi ni mshiriki kamili. Jambo hilo nalipenda sana: mdogo kama mimi anasikilizwa.

Sasa jina lililotangazwa ni la baba yangu.

Bibi, mama yake mzazi, ni Mwislamu, anakaa mtaa wa Ng'ambo hapahapa Tabora na anapika vitumbua. Baba alipobatizwa waligombana, akahamia mtaa wa Ipuli na hakurudi tena kwake. Mimi huwa naenda kwa bibi kwa siri.

Jumamosi wazee wawili walikuja nyumbani kumhoji baba. Mmoja akauliza, "Wazazi wako wapo?"

Baba akajibu, "Walishatangulia mbele za haki."

Hata hatujapumua, tukasikia, "Hodi wenyewe!" Bibi alikuwa mlangoni na bakuli. Amesikia habari za mwanawe, amekuja kumpongeza.

Baba akasimama. "Karibu, mama vitumbua. Weka hapo."

Bibi alimtazama, akavuta ushungi wake vizuri. "Nimeleta, baba. Vya moto."

Mzee mmoja akaonja. "Mama, mkono wako mtamu! Nitakuhamishia kwetu Chemchem! Una watoto?"

"Ninaye mmoja."

"Yuko wapi?"

"Yupo. Mungu anamtunza."

Mama yangu akakimbilia jikoni. Mimi, ambaye kila nikienda kwake humbusu bibi mkono, sikumpa hata shikamoo. Kisha yule mzee akanigeukia: "Binti, wewe ni mshiriki sasa. Kuna lolote tulijue kuhusu baba?" Baba alinikazia macho. Nikasema hakuna.

Bibi alipoondoka, nilimkimbilia barabarani nikilia. Akanifuta machozi kwa kanga yake. "Usiseme kitu, mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyemzaa, nisiwe mimi wa kumwangusha."

Nilimwomba baba aende mwenyewe kuwaambia wazee ukweli. Akasema, "Ukifungua mdomo, utafute baba mwingine." Tangu hapo hanisemeshi.

Jumapili hii ndiyo mwisho wa kupokea pingamizi, na baada ya ibada tunapiga kura. Nikisema, namvunja baba na simtii bibi. Nikinyamaza, nitampigia kura mtu aliyemzika mama yake akiwa hai, tena baada ya kula vitumbua vyake.

Ndugu zangu, mngekuwa binti yake, mngeingia kwenye chumba cha baraza au mngepita tu? Nijibuni kabla ya Jumapili, nawaomba.