Njia Yangu ya Mkato Bustanini

Hapa Parkdale, ughaibuni kwenye baridi, mtaa wetu niliuchora mimi kwenye ile ramani ya bure ya mtandaoni inayochorwa na wananchi wenyewe, na najivunia. Wakati wa theluji niligundua njia ya mkato bustanini, pana, tambarare, kigari cha mtoto kinateleza chenyewe. Nikaichora kwa ajili ya kina mama wenzangu. Mchoraji mmoja akaifuta. Nikairudisha. Akaifuta tena! Nikamwandikia: "Umewahi kusukuma kigari wewe? Njoo nikuonyeshe!"

Akaja mwezi wa Aprili, kumbe ni mama wa Kiburundi, anasukuma mapacha kwenye kigari. Nikatangulia kifua mbele mpaka pale pale. Barafu ilikuwa imeyeyuka, na njia yangu pamoja nayo. Mbele yetu bwawa, maji matupu.

"Haya dada," akasema, "tangulia, nakufuata."