Kilio cha Kwenye Kanda

Wapenda muziki wa roki wameniambia mara nyingi kwamba ile albamu ya Wazungu, yenye magitaa yanayoweweseka kama mgonjwa wa malaria, haijapata mpinzani hadi leo. Sibishani nao. Mimi naikumbuka kwa sababu nyingine.

Soko huria lilikuwa limejaza redio kaseti Mwanza, na kaka yangu alinunua yenye spika kubwa kama kabati. Mama alikuwa amelazwa Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Baba alikuwa huko akimuuguza, nasi tulikuwa tunangoja habari. Asubuhi moja kaka akaweka kanda ya albamu hiyo, akafungulia sauti yote. Katikati ya albamu ile kuna mwanamke analia tu, bila maneno. Kwetu Kirumba ukisikia kilio huulizi. Unajifunga kanga, unakwenda. Majirani walikuja mbio, wanalia tangu barabarani. Kwa walivyoelewa wao, mama alikuwa ameshafariki. Nilizima redio, nikafoka kwamba ni kanda tu, lakini nani angenisikia?

Hapo baba akaingia uani, ametoka kwenye kivuko cha Kamanga. Alikuwa amemwacha mama ana nafuu, anakunywa uji. Alipowaona wale wanawake, akadhani habari ya kifo imemtangulia, akaanguka chini. Nao walipomwona ameanguka, wakaangua kilio upya.

Mama aliporudi na kusimuliwa yote, alitaka kuisikia kanda hiyo. Alisikiliza kile kilio mpaka mwisho, kisha akatutazama mimi na kaka.

"Huyu asiyenijua," akasema, "amenililia kuliko ninyi niliowazaa."