Vigunduzi Saba na Salamu za Asubuhi

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1991, Mkuu wa Maabara alinikabidhi sanduku la vigunduzi ishirini na vinne. Nikavihesabu, kisha nikarudia.

"Huniamini?"

"Nakuamini, Patron. Sanduku ndilo silijui."

Nilitoka Kimisagara, mtaa wa Kigali, kutengeneza redio, kwa mkataba wa majaribio wa miezi mitatu. Nikikosea, narudi kwenye redio. Kigunduzi ni kibamba chembamba cha silikoni. Vile vyetu vingefungwa chini ya puto kubwa huko Ulaya, lipae juu ya mawingu kupima miale ya anga za mbali. Kazi yangu ilikuwa kukitia volti na kusoma mkondo wa kuvuja, yaani umeme unaopita pasipotakiwa. Ukivuja sana, hakifai. Mwanga nao huuzidisha, ndiyo maana chumba kilikuwa giza, mapazia meusi mlangoni.

Nikakataa saba.

"Saba!" Mkuu alifoka. "Vilikuja vizima. Vimefia mikononi mwako!"

Sikutulia tena; wiki hadi wiki nilivipima upya, mpaka mwezi wa tatu ukafika. Kigunduzi kilichopita saa mbili kilikataa saa tatu. Nikaanza kuandika dakika, na dakika zikamtaja Karani. Kigali mtu haingii kazini bila kumpa kila mmoja mkono, hata aliyejificha gizani.

"Mwaramutse, fundi! Iko mzima?" Pazia wazi, namba inaruka. Baada yake dereva, mhasibu, mfagiaji.

Nikaenda kwa Mkuu. "Nipe siku tatu na kufuli."

"Moja."

"Mbili, na funguo zote."

"Mbili. Ufunguo mmoja nabaki nao."

"Basi na wewe usinisalimie."

Ofisi nzima ilininunia. "Amepata kazi juzi, sasa iko na maringo," Karani alisema nje ya mlango, kwa sauti ya kunifikia.

Kati ya vile saba, sita vikapita, kila kimoja mara mbili. Cha saba kilivuja hata gizani.

"Kipitishe," Mkuu akasema. "Sema nacho ni salamu. Ulaya wanangoja orodha kamili."

Mkataba wangu uliisha Ijumaa ile. Sikusaini kwamba kimepita. Sanduku liliondoka na nafasi moja tupu, nami nikakusanya bisibisi zangu. Mkuu akanikuta koridoni, akazitazama.

"Unazipeleka wapi? Jumatatu uje saa moja."

Nimestaafu sasa. Vijana huniuliza kama puto lile lilipaa. Sijui, vita vilikata barua. Ninachojua, kama lilipaa, halikubeba kigunduzi hata kimoja nilichokipitisha kwa woga.