Amin, na Kwako Pia Mwalimu

Nikinunua bando huangalia salio mara mbili: mara ya kwanza kuona nimepewa ngapi, mara ya pili kuona kama wameshaanza kulila. Ndivyo nilivyo. Hata fungu la mchicha pale sokoni Darajani silichukui mpaka nimelifungua nikahesabu mashina, na muuzaji akinuna ndipo ninapojua bei imekuwa ya haki.

Kwa hiyo mwaka wa mwisho wa chuo, tulipogaiwa makundi ya watu watatu watatu tufanye utafiti mdogo, na sisi tukaangukiwa na mada ya jinsi wanafunzi wa chuo kikuu wanavyotumia intaneti, niliona mada imempata mwenyewe. Wenzangu walikuwa msichana wa Makunduchi, ambaye mama yake analima mwani, na kijana wa Tumbatu asiyependa kusema, maneno yake unaweza kudhani anayalipia. Wakanifanya kiongozi. Mpaka leo sina hakika kama walinichagua, au nilijichagua mwenyewe kisha nikawashukuru.

Nilitawala kwa ubahili. Hakuna kutumiana ripoti kwenye simu, kila saa faili jipya, bando linakwisha kwa kurekebisha nukta. Faili ni moja na kompyuta ni moja, yangu. Anayetaka kusoma aje kwetu Kikwajuni, akae barazani, chai ipo.

"Na ukifa?" msichana akaniuliza.

"Nikifa mtakuja mazikoni. Kompyuta mtaikuta hapo hapo."

Simu yangu nayo niliitia adabu. Picha, video na sauti zisifunguke mpaka mimi nizibonyeze kwa kidole changu. Na hapa lazima niseme habari ya Ijumaa. Kwetu, Ijumaa asubuhi, kila mwenye simu anamtakia kila mwenye simu Ijumaa njema, na hamtakii kwa maneno, anamtakia kwa picha: waridi, njiwa, taa za rangi, maandishi ya dhahabu yanayomeremeta. Shangazi anatuma, fundi wa kanzu anatuma, hata yule aliyeniuzia betri bovu anatuma na dua ndefu. Mimi siku hiyo nilikuwa sifungui picha ya mtu. Naona kiwingu tu cha picha isiyofunguliwa kwenye kioo, naandika "Amin, nawe pia," napita. Thawabu, nilijiambia, hazipimwi kwa MB.

Utafiti wenyewe ulikwenda vizuri mno, na hilo lilitakiwa litushitue. Tuliwauliza wenzetu mnatumia intaneti kwa kazi gani, wakasema kujisomea. Mmoja alisema hivyo huku kaweka kidude cha kusikilizia sikioni na uso mzima unafuata mpira. Tukaandika: kujisomea. Mimi mwenyewe nilijaza dodoso letu, nikaandika kujisomea na kutafuta marejeo, kwa mwandiko mzuri. Sura ya nne, ya matokeo, ikatoka imenyooka kama kanzu ya Idi iliyotundikwa ukutani, haina mtu ndani.

Ripoti ilikuwa ipelekwe Jumatano kwenye tovuti ya somo. Ukichelewa, unarudia somo mwaka wa pili yake. Mimi na wa Tumbatu tungenuna tu tukarudia. Lakini msichana alikuwa ameahidiwa nafasi ya kufundisha skuli ya kwao, aanze mara akimaliza, na nafasi kama hiyo haimngoji mtu mwaka mzima. Alishamwambia mama yake. Mama yake alishawaambia wanawake wote anaotoka nao pwani.

Ijumaa kabla ya Jumatano hiyo nilikwenda Kidichi shambani kwa ami yangu, kuchukua mdalasini wa kuuza mjini. Tumetoka msikitini, tumekaa uani, tunavutana.

"Ami, huu umekauka nusu."

"Na wewe umekauka mzima. Toa pesa."

Simu ikalia. Msichana wa Makunduchi.

"Uko wapi?"

"Kidichi. Nnarudi jioni."

"Ripoti ushaipeleka?"

"Si Jumatano, dada. Tulia."

"Jumatano ipi? Siku imebadilishwa, ni leo! Leo saa kumi tovuti inafungwa. Mwalimu anasafiri Jumapili, kapiga picha tangazo kaliweka kwenye kundi tangu asubuhi."

"Sijaliona mimi."

"Hujaliona vipi, na wewe ndiye wa mwanzo kuliitikia? Mimi nimeona jina lako tu chini yake, sikusoma ulichojibu, nkasema basi, mtu wetu kashalishughulikia."

Nikafungua kundi la darasa. Kweli, kiwingu cha saa mbili asubuhi, kimetoka kwa Mwalimu. Na chini yake mimi, kabla ya watu wote: "Amin, na kwako pia Mwalimu. Mungu atutakabalie." Nikakibonyeza. Hakikuwa na waridi.

Ami akaniuliza mbona nimelipa bei aliyoitaka. Nilikuwa nishapanda bodaboda.

Nilifika Kikwajuni bado robo saa, na bando bado ninalo, maana mimi si mtu wa kukosa bando. Nikaiwasha kompyuta, nikaiunganisha na simu. Sasa, kompyuta hiyo nilikuwa nimeinyima intaneti mwezi mzima. Ilipoipata haikuniuliza nataka nini. Ikaanza kujisasisha. Programu hii, programu ile, ulinzi, sijui nini, kila kilichokaa na kiu kikaja kunywa, na ripoti yetu ikasimama nyuma ya foleni kama mgeni. Nikawa naibembeleza: "Hebu basi. Hebu basi mama." Bando likakata. Nikakimbilia duka la jirani kununua jingine, na kwa mara ya kwanza maishani sikuangalia salio. Niliporudi tovuti imefungwa.

Wenzangu niliwakuta chuoni, nje ya ofisi ya Mwalimu, nimeikumbatia kompyuta kama mtoto mgonjwa. Mwalimu, mama wa makamo mwenye miwani mizito, alikuwa anafunga mlango.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Ndo wewe wa Amin?"

"Ndiye," akasema wa Tumbatu. Siku nzima hakuwa amefungua mdomo, akaufungua kwa hilo.

Nikafanya ninachokijua. "Mwalimu, tupunguzie alama kumi, uipokee."

"Nimekwambia nauza?"

"Basi kumi na tano."

"Hee! Huyu anajipandishia mwenyewe."

Msichana akanisukuma pembeni, hasa, kwa kiwiko. "Mwalimu, usimsikilize huyu. Kosa letu tumelikubali. Tuulize kazi yetu hapa hapa tulipo. Ukiona hatuijui, turudie mwaka."

Mimi nimekulia sokoni na sijapata kusikia ofa iliyonyooka vile, isiyoacha nafasi ya kurudi nyuma. Mwalimu akatia tena ufunguo mlangoni. Akaisoma ripoti kwenye kompyuta yangu. Alipofika sura ya nne akavua miwani.

"Wote wanajisomea?"

"Wote, Mwalimu."

"Na wewe unajisomea?"

"Na mimi."

"Sasa mbona tangazo langu hukulisoma?"

Nikaacha kutafuta jawabu zuri, nikatoa lililokuwepo. Nikamweleza habari ya viwingu na maitikio ya Ijumaa. Nikamweleza kwamba bando la chuo nalitumia kuangalia bei za simu ambazo sinunui, na magoli niliyokwishayaona. Kwamba vitabu navisoma siku ya mwisho ya bando, kwa kuwa MB zilizobaki zitaoza. Msichana alikuwa anatazama chini, mabega yanamtikisika, nikadhani analia. Anacheka.

"Haya uliyoyasema sasa hivi," Mwalimu akaniambia, "mbona sijayaona humu ndani? Hii sura ya nne ni ya malaika. Mimi nawasomesha watu." Akaifunga kompyuta akanirudishia. "Kesho saa kumi jioni iwe kwenye simu yangu, na iwe na watu. Anzeni na huyu. Na alama nitakata, lakini nitakata mimi, usinitajie ngapi."

Jumamosi asubuhi walikuja barazani kwetu, na mahojiano yakaanza. Msichana anauliza, wa Tumbatu anaandika.

"Jana umetumia mtandao muda gani?"

"Andika nusu saa."

"Lete simu." Akaingia kwenye mipangilio, mahali simu inapoweka hesabu zake, mahali ambapo mimi mwenye kuhesabu kila kitu nilikuwa sijapata kupatembelea. Akasoma. Akamwonesha wa Tumbatu. Wakatazamana.

"Fanyeni saa mbili," nikasema.

"Hatufanyi. Tunaandika kilichopo."

Kisha tukawapigia wale tuliowahoji mwanzo, mmoja mmoja, na kazi yangu ilikuwa kutangulia kujisema. Nikishajisema, mwenye simu upande wa pili anacheka kwanza, halafu anasema yake. Mmoja ana bando la kaka yake, na kaka anajua kila anachofungua. Mwengine kwao mtandao unashika juu ya ukuta wa kisima tu, na ukutani mtoto wa kike hakai. Mwengine anajua kutafuta mambo ya chuo, ila kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kinachoka haraka kuliko betri. Yule wa mpira akasema, "Nilisema kujisomea kwa kuwa uliniuliza kwa sauti ya mwalimu."

Saa tisa unusu nikabonyeza kutuma. Nilitaka kubonyeza mara ya pili kwa hakika, msichana akanipiga mkono.

Tukafaulu, kwa alama ambazo mtu hazitundiki ukutani. Muhula wa pili yake msichana alikuwa anafundisha kwao. Na ripoti ipo mpaka leo maktaba ya chuo. Sura ya nne, mstari wa mwanzo kabisa, inaanza na mshiriki wa kiume, mkaazi wa mjini, ambaye "hupendelea kuitikia kuliko kusoma." Niliwaomba walilainishe kidogo, nikapendekeza maneno matatu tofauti. Wakakataa yote matatu.